Mark Twain: Chali wa Mji wa Mto Aliyelipa Madeni Yote Ila Moja

Kama umewahi skia story ya kijana aliyepewa kazi ya kupaka fensi chokaa, akawachezea mabeste zake hadi wakamlipa ndio awaache wapake, basi we tayari unaijua Hannibal. Hujui tu kama unaijua.

Hannibal ni mji mdogo wa jimbo la Missouri, Marekani, umekaa kando ya mto Mississippi. Hadi leo una watu kama 17,000 hivi. Ukilinganisha na mtaa wako wa Nairobi, hiyo ni ploti chache tu. Lakini huo mji ndio ulitoa jamaa ambaye vitabu vyake bado vinasomwa dunia nzima zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kuenda. Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Langhorne Clemens. Wewe unamjua kama Mark Twain.

Ushaskia vile alikuwa mcheshi. Leo nakupea ile side ingine.

Mtoto wa nyota yenye mkia

Sam alizaliwa 30 Novemba 1835, kijiji kinaitwa Florida, huko huko Missouri. Alikuja miezi miwili kabla ya wakati, mdogo na mgonjwa. Mwaka huo, nyota ya Halley, ile yenye mkia inayopita baada ya miaka kama 75, ilikuwa imeonekana angani. Weka hiyo kando, tutairudia.

Akiwa na miaka 4 familia ikahamia Hannibal. Na hapo maisha ya mtoto yalikuwa ni mto. Meli za mvuke zilikuwa zinapita, na zikitia nanga, mji wote unaamka. Cheki vile stage huwa wakati basi ya ocha imeingia: wabeba mizigo, wauzaji, watoto wanakimbia. Meli ikiondoka, mji unarudi kulala. Kila kijana wa Hannibal alikuwa na ndoto moja tu, kuwa rubani wa meli.

Kulikuwa pia na pango kubwa nje ya mji. Daktari mmoja wa St. Louis alikuwa ameweka huko mwili wa binti yake ndani ya mtungi wa shaba, na Twain alikuja kusimulia vile watu walikuwa wanaenda kuuangalia. Watoto wa leo mnatishwa na filamu. Hawa walikuwa na ya ukweli.

Watu wa huo mtaa

Wale watu unaowasoma kwa vitabu vyake walikuwa majirani. Msichana wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, Laura Hawkins, ndiye aligeuka kuwa Becky Thatcher. Huckleberry Finn alitokana na Tom Blankenship, mtoto wa mlevi wa mji. Alikuwa hana viatu, haendi shule, haendi kanisa. Wazazi walikataza watoto wao kucheza naye, na unajua ukikataza mtoto kitu ni kama umempatia. Kila mmoja alitaka kuwa beste yake.

Lakini Hannibal haikuwa ya kucheka tu. Missouri ilikuwa jimbo la utumwa. Watu weusi walikuwa wananunuliwa na kuuzwa kama ng'ombe, na kanisani watu walifundishwa kwamba Mungu yuko sawa na hiyo maneno. Hata nyumba ya kina Sam ilitumia watumwa.

Kulikuwa na kijana mweusi wa kukodishwa hapo kwao, anaitwa Sandy. Alikuwa ametolewa Maryland, mbali na watu wake wote. Sandy alikuwa anaimba kutwa, na siku moja Sam akachoka, akaenda kumshtaki kwa mathake. Mathake akalengwa na machozi. Akamwelezea kwamba huyo mtoto hatawahi kuona mama yake tena, na akiimba angalau inaonyesha hamkumbuki kwa hiyo dakika. Kelele haikumsumbua Sam tena. Alikuwa mzee kabisa na bado anaisimulia.

Na kuna ya Bence, bro mkubwa wa yule Tom Blankenship. Mwaka wa 1847 alipata mtumwa aliyetoroka amejificha kwa kisiwa upande wa Illinois. Kulikuwa na zawadi ya dola 50 kwa yeyote atakayemtoa. Bence alikuwa amesota vibaya sana, dola 50 ingebadilisha maisha ya familia. Badala ya kumuuza, alimpelekea chakula kimyakimya msimu mzima wa joto. Mwishowe wakata mbao walimgundua huyo jamaa, wakamfukuza, akazama. Siku chache baadaye Sam na mabeste wakiwa huko mtoni, mwili uliibuka mbele yao.

Kama umesoma Huckleberry Finn, ushajua hiyo story ilienda wapi. Ilimkaa kichwani karibu miaka 40 kabla aimalize.

Buda anaenda, shule inaisha

Machi 1847, Sam akiwa na miaka 11, buda yake akafa na nimonia. Alikuwa hakimu mdogo wa mtaa, heshima mingi, doh hakuna. Baada ya hapo Sam aliachana na darasa, akaenda kufunzwa kazi ya kupanga herufi kwa kiwanda cha gazeti. Malipo yalikuwa chakula na nguo, pesa mkononi zii.

Mimi mwenyewe nilitoka college kabla nimalize, kwa hivyo hapa nitaenda pole. Sitaki kukwambia shule haina maana. Huyu msee hakuacha kusoma, aliacha tu kukaa darasani. Kupanga habari herufi kwa herufi kulimfunza vile sentensi hujengwa. Akiwa na miaka 17 akatoka Hannibal, akapiga kazi St. Louis, New York na Philadelphia, na jioni anajifungia maktaba.

Henry

Mwaka wa 1857 ile ndoto ya utoto ikafunguka. Rubani anaitwa Horace Bixby alikubali kumfunza mto kwa dola 500. Na usidhani ni kushika usukani tu. Kutoka St. Louis hadi New Orleans ilibidi uweke kichwani kila kona, kila mchanga uliojificha, kila gogo, usiku na mchana, na mto wenyewe unabadilika kila msimu.

Sam alikuwa na bro mdogo, Henry, mtulivu na anapendwa na kila mtu. Akamtafutia kazi kwa meli moja naye, inaitwa Pennsylvania. Bro akikuwekea neno, unaingia. Si hivyo ndio tunafanyiana hata huku?

Siku moja rubani wa hiyo meli, Brown, msee wa hasira mbaya, akataka kumpiga Henry. Sam akaingilia na akamwangushia kichapo cha haja. Nahodha hakumlaumu, lakini Brown alikataa kukaa naye kwa meli moja. Sam akashuka. Henry akabaki.

Tarehe 13 Juni 1858, karibu na Memphis, mitungi ya mvuke ya Pennsylvania ikalipuka. Sam alikuwa anakuja nyuma na meli ingine. Alipofika alimpata bro yake amelazwa chini kwa ukumbi mkubwa pamoja na majeruhi wengine, ameungua nje na ndani. Akakaa kando yake siku kadhaa. Tarehe 21 Henry akaenda. Alikuwa na miaka 19.

Twain alisimulia baadaye kwamba kabla ya safari alikuwa ameota Henry amelala kwa jeneza la chuma, na Memphis alimpata hivyo hivyo. Amini ama usiamini. Kitu haina ubishi ni hii: alijilaumu hadi siku ya mwisho. Ni yeye alimtafutia hiyo kazi, ni yeye alipigana, na ni yeye aliyepona kwa sababu ya hiyo vita. Kila ukimsoma akichekesha, kumbuka kuna kijana wa miaka 19 amekaa nyuma ya hiyo kicheko.

Jina jipya

Alipata leseni ya urubani 1859, lakini 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafunga mto. Alijiunga na kikosi cha wanamgambo wa upande wa Kusini, akadumu kama wiki mbili, akahepa. Akaenda Nevada na bro mkubwa, Orion, kutafuta madini ya fedha. Alitoka kapa. Njaa ndio ilimrudisha kwa gazeti, mji wa Virginia City, na Februari 1863 akaanza kutumia jina Mark Twain.

Hilo jina ni lugha ya mto. Mabaharia walikuwa wanapima kina cha maji kwa kamba, na hayo maneno yalimaanisha futi 12, yaani meli iko salama. Fikiria hiyo, baada ya yote Henry alipitia.

1870 akaoa Olivia Langdon. 1876 akatoa Tom Sawyer, halafu Huckleberry Finn ikafika Marekani 1885. Mwaka huo huo akaanza kumlipia chakula na nyumba mwanafunzi mweusi wa sheria chuo cha Yale, Warner McGuinn. Kwa barua aliandika kwamba weupe ndio walivunja utu wa watu weusi, kwa hivyo hilo deni ni la weupe kulipa. McGuinn alikuwa wakili mkubwa Baltimore, na akamshika mkono kijana Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Doh zinaingia, doh zinatoka

Kwa biashara, huyu jamaa alikuwa noma, lakini ile noma mbaya. Alisimulia vile aliletewa hisa za simu ilipokuwa mpya, akakataa. Badala yake akamwaga mamia ya maelfu ya dola kwa mashine ya kupanga herufi ya James Paige, yenye vipande 18,000, ambayo ilikuwa inaharibika kila ikiguswa. Mashine ingine ikachukua soko. Kampuni yake ya vitabu pia ikaanguka, na 1894 akatangazwa amefilisika.

Kisheria angeweza kutembea huru. Alikataa. Akiwa na miaka 59 akaanza kuzunguka dunia akipiga stori jukwaani: Australia, New Zealand, India, hadi Afrika Kusini. Kufikia 1898 kila mtu aliyemdai alikuwa amelipwa senti ya mwisho.

Lakini Agosti 1896, safari imeisha tu na yeye yuko Uingereza, binti yake Susy akafa Marekani na homa ya uti wa mgongo. Miaka 24. Hakuwahi kumwona tena.

Uzee haukumfunga mdomo. 1905 alitoa kitabu kidogo cha kumchana Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa vile alikuwa anawaua na kuwakata mikono watu wa Kongo, na pesa zake zikaenda kwa harakati za kuwatetea.

Nyota inarudi

Olivia alifariki 1904. Mkesha wa Krismasi 1909, binti mwingine, Jean, akafa nyumbani baada ya kushikwa na kifafa. Mzee alikuwa amechoka. Alikuwa ameshasema kwamba alikuja na nyota ya Halley na anataka kuondoka nayo. Nyota ilifika karibu kabisa na jua 20 Aprili 1910. Yeye akaenda tarehe 21.

Nyumba yake ya utoto bado iko Hannibal, na kila Julai watoto wanashindana kupaka fensi chokaa, watalii wanapiga picha.

Kama una bro au sista mdogo umemwekea neno mahali, mpigie leo. Muulize tu amefika aje.