Maisha ya Ibn Battuta, Msafiri wa Maghribi

Katika wasafiri wa Kiislamu ambao majina yao yamebaki baada ya kufa kwao, ni wachache mno waliokwenda mbali kama alivyokwenda Ibn Battuta, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi walisafiri, na khabari zao zikazikwa pamoja nao. Fadhila ya huyu ni kuwa alirudi kwao, akakaa kitako, akawapa watu wa nchi yake yote aliyoyaona. Na katika hayo zimo khabari za Mombasa na Kilwa za karne ya 14, ambazo lau si yeye nyingi zingalipotea.

KUZALIWA KWAKE NA KUTOKA KWAO

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, wa kabila ya Lawata katika Waberberi. Alizaliwa katika mji wa Tangier, ambao kwa Kiarabu huitwa Tanja, mwezi wa Rajab mwaka wa 703 Hijria, nao ni mwaka wa 1304. Jamaa zake walikuwa watu wa sheria, na makadhi walitoka miongoni mwao. Naye akasoma fikihi kwa madhehebu ya Imam Malik.

Alipokuwa na umri wa miaka 21, mwezi wa Rajab 725 (Juni 1325), aliazimia kwenda kuhiji. Wazee wake wawili walikuwa hai. Akawaaga, akatoka peke yake, hana mwenzi wala msafara, na kutengana huko kukawaunguza wote watatu. Hata alipofika Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri, huyu akimwamkia huyu, na yeye hapana aliyemjua. Machozi yakamtoka. Hujaji mmoja akaiona hali yake, akamsogelea, akamliwaza mpaka wakaingia mjini.

SAFARI ZAKE

Nia yake ya kwanza ilikuwa Makka. Lakini alipokuwa Iskandaria alimzuru mcha Mungu mmoja, Sheikh Burhanuddin, naye akamtambua kuwa ni mpenda safari, akamwagiza awasalimie ndugu zake walioko Bara Hindi, Sindi na Uchina. Kijana alistaajabu, kwani nchi hizo hazijampitia moyoni. Na tangu siku hiyo hazikumtoka.

Alihiji mwaka wa 1326, akazunguka Iraq na Uajemi, akarudi Makka akakaa. Kisha akashuka Yemen, na yapata mwaka wa 1331 akapanda chombo Aden, akaja pwani ya Afrika. Mogadishu hakuachwa ashukie kwa mfanya biashara kama wageni wengine, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu. Alipokewa na kadhi, akaletewa tambuu na popoo kutoka kwa Sultani, akakirimiwa wali wa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu.

Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini alitazama sana. Aliwataja watu wake kuwa ni Mashafii, wacha Mungu, wenye kujiepusha na machafu, na chakula chao ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka kwingine. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mlangoni pana kisima kifupi na kata ya mti ya kutekea maji, na atakaye kuingia huosha miguu yake kwanza.

Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa wakati akitoka katika sala ya Ijumaa, naye akaingia akazivua, akampa papo hapo.

Kutoka huko alikwenda nchi za Waturuki na Constantinople, akapita Bukhara, akafika mto Indus mwaka wa 1333. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alimfanya kadhi, akampa dinari 12,000 kwa mwaka. Lakini Sultani huyo alikuwa mkarimu na muuaji kwa pamoja. Siku moja akamghadhibikia kwa sababu ya kumzuru sheikh aliyeuawa kwa amri yake, akamwekea walinzi. Ibn Battuta akawa anafunga na kusoma Kurani mpaka alipookoka.

Baadaye alitumwa Uchina awe mjumbe. Huko Calicut alibaki nchi kavu apate kusali Ijumaa, na dhoruba ikavunja jahazi lililokuwa na zawadi zote. Aliogopa kurudi Delhi. Akenda visiwa vya Maldives akawa kadhi, kisha Ceylon, Bengal na Sumatra, na kwa maelezo yake mwenyewe akafika Uchina, akakutana na mtu wa Ceuta, mji ulio karibu na kwao, wakalia wote wawili.

KURUDI KWAKE

Mwaka wa 1348 alifika Damascus, wakati tauni ikiwaangamiza watu. Hapo alimwulizia mwanawe aliyemwacha huko akiwa hajazaliwa, akaambiwa alikwisha kufa miaka 12 iliyopita. Akamwulizia baba yake kwa mtu wa Tangier, akaambiwa alifariki miaka 15 nyuma, na mama yungali hai. Akafanya haraka kurudi. Mwaka wa 1349, alipokuwa ndani ya nchi ya Maghribi, hajafika kwao, akapata khabari kuwa mama yake naye amekufa kwa tauni. Alipofika Tangier aliloliona ni kaburi lake.

KUANDIKWA KWA KITABU

Baada ya kwenda Andalus na Mali, Sultani Abu Inan alimwita Fez, akaamrisha khabari zake ziandikwe. Ibn Battuta akasimulia, na mwanachuoni Ibn Juzayy akaandika. Kikatimia mwezi wa Dhulhija 756, yaani Desemba 1355. Baadhi ya karatasi zake zilikuwa zimeporwa na maharamia baharini, basi mengi aliyatoa kichwani. Na wataalamu wameona kuwa pahali pengine mwandishi alichota katika kitabu cha Ibn Jubayr aliyetangulia, na kuwa sehemu nyingine, khasa za Uchina, zina shaka.

Hata watu wa Fez hawakumsadiki. Alipoeleza kuwa Sultani wa Delhi, akirudi kutoka safari, mitambo huwarushia watu mifuko ya fedha, walinong'onezana kuwa ni mwongo. Ibn Khaldun, bingwa wa tarikhi, alimweleza waziri mmoja shaka hiyo. Waziri akamwonya asikatae jambo kwa kuwa hakuliona, asije akafanana na mtoto aliyekulia gerezani: kila akielezwa umbo la kondoo hudhani ni namna ya panya, kwani hakuwahi kumwona mnyama mwingine.

KUFA KWAKE

Ibn Battuta alirudia kazi ya ukadhi katika mji wa Maghribi, akafa yapata mwaka wa 770 Hijria, nao ni 1368 au 1369. Safari zake hukadiriwa kuzidi maili 70,000. Ufaransa walikichapa kitabu chake kizima kwa mijalada minne, kati ya 1853 na 1858.

Alilipa kwa safari hizo mauti ya wazazi wake ambayo hakuyahudhuria, na mwana ambaye hakumwona. Alichowaletea watu wake ni khabari, nao wakaicheka. Miaka mia sita na zaidi imepita. Waliocheka hawajulikani majina, na maji ya kuoshea miguu mlangoni pa msikiti wa Mombasa yangali yakisomwa. Basi mwenye kusafiri na aangalie kwa macho mawili, na aeleze alilolihakiki. Na aliyebaki nyumbani asifanye haraka kukadhibisha. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, na amlipe kheri kwa alichotuachia. Amin.