Carey Francis na Mwendo wa Darasani

Hapa Laiser Hill, Kaunti ya Kajiado, wazazi tukikutana aghalabu huulizana swali moja: je, walimu wamemaliza silabasi? Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza kama mtoto ameyaelewa aliyofundishwa. Nionavyo mimi, maisha ya marehemu Edward Carey Francis yatufaa sana katika jambo hili.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1897. Baada ya kupigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akawa mhadhiri papo hapo. Mwaka wa 1928 aliiacha kazi hiyo yenye hadhi, akaja Maseno akiwa mmishonari na mwalimu mkuu. Aliyezoea kuwafundisha mabingwa wa hesabu sasa alikuwa na watoto waliohitaji misingi yake. Hakuidharau kazi hiyo. Hata aliwaandikia wanafunzi wa shule za msingi vitabu vya hesabu.

Kuanzia mwaka wa 1940 hadi 1962 aliiongoza Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, alikosoma Ngugi wa Thiong'o. Alikuwa mkali mno, na wapo waliomlaumu kwa msimamo wake kuhusu siasa za wakati wa ukoloni. Simsifu kwa kila jambo. Lakini alipostaafu hakwenda kupumzika. Alijiunga na Shule ya Upili ya Pumwani, Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka wa 1966.

Ndugu msomaji, msomi huyo alikubali kushuka hadi pale aliposimama mwanafunzi. Ilhali leo wako walimu wanaokimbilia aljebra huku nusu ya darasa haijaelewa sehemu. Siwalaumu wao peke yao, kwani madarasa yamefurika na sisi wazazi twawahimiza wakimbie. Hata hivyo, mtoto aliyeachwa nyuma kwenye sehemu ataachwa pia kwenye aljebra, na mwishowe ataamini kwamba hana akili.

Mwenda pole hajikwai. Mwalimu na aulize maswali machache kabla ya kufungua mada mpya, na wengi wakikosea, arudie kwa njia nyingine. Walimu wakuu wampe nafasi hiyo. Nasi wazazi, tukifungua daftari la mtoto, tumwombe atueleze alichokiandika.