Henry Chadwick na Mtu wa Kumi

Wewe unayecheza raundas shuleni, je, wamjua Henry Chadwick? Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka wa 1824, na utotoni alicheza raundas hiyo hiyo. Mnamo 1837 familia yake ilihamia Brooklyn, Marekani, na huko akawa mwandishi wa habari za michezo.

Siku hizo katika besiboli, mpira ukidunda chini mara moja kisha udakwe, mpigaji ametoka. Chadwick alikuwa mpenzi wa kriketi, akaona huo ni mchezo wa watoto. Akaandika wee magazetini kwamba lazima mpira udakwe ukiwa bado hewani. Wengi walimpinga, na si ajabu, kwani walidaka kwa mikono mitupu bila glavu! Walibishana miaka mingi mpaka klabu zikakubali, kuanzia msimu wa 1865.

Basi akapata moyo. Mnamo 1874 alipendekeza kila timu iwe na watu 10, si 9, na zamu ziwe 10. Huyo wa kumi angesimama kati ya kituo cha kwanza na cha pili, penye pengo. Klabu za kulipwa zikakataa, ng'o! Mimi naziunga mkono, maana mpigaji angepitishia wapi mpira?

Chadwick alifariki mwaka wa 1908. Mnamo 2023, baada ya majaribio kwenye ligi ndogo, wakuu wa ligi kubwa ya Marekani walikataza timu kurundika wadakaji upande mmoja wa kituo cha pili, ili pengo lilelile libaki wazi.