Mwenda Jean Bosco na Vidole Viwili

Ukimsikia hayati Mwenda Jean Bosco kwa mara ya kwanza utaapa kwamba wanaopiga ni watu wawili. La! Ni mtu mmoja, gitaa kavu moja, na vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimbisha nyuzi nyembamba, na kila kimoja kina mwendo wake.

Alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, Katanga, nchini Kongo. Bunkeya si kijiji hivi hivi. Ndio uliokuwa mji wa Msiri, mfalme wa Bayeke, ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi, Tanzania ya leo, hadi Wazungu walipomwua mwaka wa 1891. Kwa hivyo Bosco alirithi nyimbo za kale za Bayeke. Alipofika mji wa migodi wa Jadotville, siku hizi Likasi, akakutana na gitaa na rumba. Hakutupa cha kale wala hakukimbia kipya. Nyimbo nyingine za Bayeke alizitia kwenye nyuzi sita, na nyingine akatunga mwenyewe.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi wakati Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipomnasa. Santuri ya "Masanga" ikavuma kote. Mwaka wa 1961 msomi mmoja, David Rycroft, alianza kuchapisha uchambuzi wa upigaji wake, akauandika kwa nota kama wanavyoandika muziki wa Bach. Hebu fikiria! Na Bosco mwenyewe kila akirudia wimbo aliubadilisha kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja hapa Nairobi, akapiga matangazo ya dawa ya Aspro redioni. Wapiga gitaa wa Kenya wakaanza kumwiga.

Chamani wenzangu walicheka Kiswahili chake. Ni cha Katanga, watoto wanaitwa "batoto" na ngeli zimevurugika kabisa. Mwalimu angemaliza wino mwekundu. Mimi sikucheka. Makongeni yetu ilijengwa kwa ajili ya watu wa reli, na hao walitoka kila kabila, kila mtu na Kiswahili chake kama alivyojaliwa. Kile kile cha Bosco tunachokiita kibovu ndicho kilichotoka Katanga kikaeleweka Nairobi bila mkalimani. Insha yangu iliyopata alama nzuri haijavuka hata barabara ya Jogoo.

Mwaka wa 1969 alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Nimejaribu kuipiga "Masanga" kwa gitaa la jirani. Kidole gumba kinakubali, cha shahada kinakataa katakata.