ASKOFU STEERE NA TUFANI YA MWAKA 1872

Jina la Askofu Edward Steere latajwa mara nyingi katika Kanisa letu, hasa na wale waliopata kusali katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Wengi wetu twamfahamu kwa habari ya sarufi na Biblia. Safari hii twapenda kumtazama katika mji uliovunjwa na upepo, nasi tuna sababu. Tangu tope lilipowafukia watu kule Katesh, Hanang, mwezi wa Desemba 2023, na kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi wa Mei 2024, tumesikia, hata vinywani mwa Wakristo, swali lile la zamani: watu wale walikuwa na dhambi gani hata Mungu akawapiga?

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo, akapewa daraja takatifu, akatumikia parokia ya shamba iitwayo Little Steeping. Mwaka 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kuja Afrika pamoja na Misheni ya Vyuo Vikuu. Misheni hiyo ilikuwa imekwisha kumzika Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliyekufa kwa homa mwaka 1862. Steere alikusudia kukaa muda mfupi tu. Mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja, naye akaketi na wenyeji, wazee kwa vijana, akiandika maneno yao na hadithi zao. Akarudi Uingereza mwaka 1868, na mwaka 1870 vitabu vyake vya sarufi na hadithi za Kiswahili vikapigwa chapa.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Kwa kawaida tufani za Bahari ya Hindi hupita kusini, upande wa Bukini na Msumbiji, wala hazisogei sana kuelekea ikweta. Kwa hiyo watu hawakuwa wamejiweka tayari. Merikebu za Seyyid Barghash zilipotea, majahazi mengi yakavunjika, mapaa yakang'oka. Mashambani ndiko kulikokuwa na hasara kubwa kupita zote, maana mikarafuu na minazi ililala chini, na mkarafuu ukipandwa leo mwenyewe atangoja miaka mingi kabla ya kuchuma. Pemba iliokoka kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikaipita Unguja kwa karafuu.

Mwaka huo huo Steere alirudi kazini Unguja, na kwa kuwa Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, mzigo wa misheni ukamwangukia yeye.

Sasa hapa pana mtego. Unguja ndiyo iliyokuwa na soko kubwa la watumwa, pale Mkunazini. Ni rahisi mno kusema kwamba Mungu aliwapiga wauza watu, na habari ikaishia hapo. Lakini hebu tutazame vizuri zaidi. Ni nani waliolala katika vibanda vya makuti huko mashambani usiku ule? Ni watumwa. Bwana mwenye nyumba ya mawe mjini alikuwa salama kuliko wao. Tena, upepo ulipokwisha, mashamba yalitaka mikono ya kupanda upya, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere alipokuja kumtaka Seyyid Barghash akomeshe biashara hiyo, moja ya sababu alizozitoa Seyyid za kukataa ni hiyo tufani: nchi imekwisha kuharibika, itawezaje kubeba hasara ya pili? Basi maafa hayakuilainisha mioyo ya watu. Mkataba uliolifunga soko ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, na ni haki kusema kwamba ulitiwa sahihi kwa kuogopa manowari za Kiingereza.

Bwana wetu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao, kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza ili watubu wao. Habari hiyo iko katika Luka, sura ya 13. Twashangaa kidogo kwamba sura hii haisomwi zaidi baada ya mafuriko. Naye Eliya kule Horebu hakumkuta Bwana katika upepo uliopasua miamba. Akasikia sauti ndogo baadaye, na sauti ile ikampa kazi. Mtaa wa jirani ukipatwa, sisi nasi tuulize kwanza kuhusu unga na mablanketi.

Kazi aliyopewa Steere ilikuwa ya mawe na chokaa. Padre Arthur West wa misheni alinunua sehemu ya uwanja wa soko, na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine kwa hiari yake. Watu walianza kukusanyika hapo katika kibanda cha udongo, na Steere akawahubiri kwa Kiswahili. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Padre West hakuishi kuliona limekwisha. Steere mwenyewe, ambaye mwezi wa Agosti 1874 aliwekwa wakfu kuwa Askofu huko Westminster Abbey, ndiye aliyesimamia ujenzi. Alitumia mawe ya matumbawe pamoja na saruji, na juu akajenga paa la kuba lisilo na boriti hata moja. Walikuwapo waliotabiri kwamba litaporomoka siku miti ya kulishikilia itakapoondolewa. Mpaka leo limesimama, na altare iko mahali ambapo, kwa mapokeo ya Kanisa, ulikuwapo mti wa kuwapigia watumwa viboko.

Lakini jengo lilikuwa sehemu ndogo ya taabu. Watu waliokombolewa majahazini waliletwa kwa misheni wakiwa uchi na njaa, nao walihitaji chakula, nguo, mahali pa kulima na shule. Wengine walikaa Mbweni. Mwaka 1876 Steere alitembea na kundi lao bara, akikusudia kuwafikisha Ziwa Nyasa. Wakapapenda Masasi, wakajenga huko, na Kanisa la Masasi limetokana na watu hao. Mwaka 1879 alimwekea mikono John Swedi kuwa shemasi. Swedi huyo alikuwa mmoja wa watoto watano wa kwanza waliotolewa katika jahazi la watumwa na kukabidhiwa misheni mwaka 1864.

Askofu Steere alifariki ghafula Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, kazi ya kuyafasiri Maandiko ikiwa bado mikononi mwake. Walimzika nyuma ya altare ya kanisa lake. Wenzake wakaendelea pale alipoachia, na mwaka 1891 Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ikatoka.