Sarojini Naidu: Malenga aliyeongoza kikao cha Wahindi Mombasa 1924

JANUARI 1924, Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilifanya mkutano wake mkuu mjini Mombasa. Chama hicho kilikuwa kimeasisiwa katika mji huo huo miaka 10 awali, na uongozi wake ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, mawakili na wahariri wa kiume. Hata hivyo, aliyekalia kiti cha urais wa kikao hicho alikuwa mwanamke: Sarojini Naidu, malenga na mwanasiasa aliyevuka Bahari Hindi kwa kazi hiyo.

Sarojini alizaliwa Februari 13, 1879 mjini Hyderabad, kusini mwa India. Baba yake, Aghorenath Chattopadhyay, alikuwa mwanasayansi na mwalimu, na mama yake mtunzi wa mashairi ya Kibengali. Akiwa na miaka 12 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Madras. Mnamo 1895 alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa Nizamu, mtawala wa Hyderabad, akasoma London na Cambridge. Aliporudi, mwaka wa 1898, aliolewa na Dkt Govindarajulu Naidu, mtu wa tabaka tofauti na lake. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa nadra mno zama hizo. Diwani yake ya kwanza ilichapishwa 1905 na kumpa sifa ya malenga.

Mashairi yalimpa jina, lakini kazi iliyomfanya atafutwe mbali na kwao ilikuwa kuwaunganisha watu. Mwaka wa 1917, mwaka ambao Chama cha Wanawake wa India kiliundwa Madras, aliongoza ujumbe wa wanawake kwenda kumwona Edwin Montagu, waziri wa Uingereza aliyesimamia masuala ya India, kudai haki ya kupiga kura. Mnamo 1919 alisafiri hadi London kulitetea dai hilo mbele ya kamati ya Bunge. Uingereza iliyaachia mabaraza ya majimbo yaamue, na kufikia 1921 Madras na Bombay zilikuwa zimewaruhusu wanawake kupiga kura.

Aliyakuta Mombasa mambo yaliyofanana na hayo. Wanawake wa Kizungu nchini Kenya walikuwa wamepewa kura tangu 1919, ilhali Wahindi kwa jumla, wake kwa waume, walikuwa waking'ang'ania usawa. Sensa ya 1921 ilionyesha kwamba walikuwa zaidi ya 22,000, nao Wazungu hawakufika 10,000. Hata hivyo, Waraka wa Devonshire wa Julai 1923 uliwatengea Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na Wahindi vitano tu, tena kwa daftari lao la kando la wapiga kura. Nyanda za juu zilibaki milki ya walowezi.

Isitoshe, Wahindi wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Kisiwani Mombasa, kuanzia vichochoro vya Mji wa Kale karibu na Ngome ya Yesu, waliishi Wabohora, Maismailia, Wahindu, Masingasinga, Wagoa na wengineo, kila jamii na mahali pake pa ibada, lugha yake na ndoa zake. Wanaume walikutana sokoni, bandarini na kortini. Wanawake wengi, hasa waliotawishwa, walijuana zaidi na wenzao wa jamaa na jamii moja, katika arusi, matanga na sikukuu. Sarojini, Mbengali wa ukoo wa Brahmin aliyekulia katika mji uliotawaliwa na Mwislamu, alikuwa amezivuka kuta kama hizo katika maisha yake mwenyewe.

Chini ya urais wake, mkutano uliamua kupinga utaratibu huo mpya kwa njia ya kutoshirikiana na serikali, ikiwemo kukataa kulipa kodi ya kichwa. Mgomo huo haukudumu, na daftari la kando la wapiga kura halikuondolewa.

Hotuba yake ilikuwa na doa pia. Alizungumzia Afrika Mashariki kama makao halali ya Wahindi waliozidi nchini mwao, lugha ambayo haikutofautiana sana na ile ya walowezi aliowapinga. Wakati huo Harry Thuku, ambaye alikuwa ameshirikiana na Wahindi wa Nairobi, wakiongozwa na Manilal Desai, alikuwa uhamishoni Kismayu tangu kukamatwa kwake Machi 1922. Usawa aliodai Sarojini ulikuwa wa Mhindi na Mzungu. Mwafrika, mwenye nchi, hakuwa na kiti hata kimoja cha kuchaguliwa.

Kutoka Afrika Mashariki alielekea Afrika Kusini, ambako pia aliongoza kikao cha Kongresi ya Wahindi wa huko. Desemba 1925, mjini Kanpur, akawa mwanamke wa kwanza Mhindi kuwa rais wa Kongresi ya India. Mombasa ilikuwa imemtangulizia heshima ya namna hiyo kwa karibu miaka miwili.

Mnamo 1930 aliongoza kikao cha Kongamano la Wanawake wa India Nzima, lililoanzishwa 1927, na mwaka huo huo akatiwa mbaroni baada ya kuongoza waandamanaji kwenye kiwanda cha chumvi cha Dharasana. India ilipopata uhuru Agosti 1947, aliteuliwa gavana wa jimbo kubwa la kaskazini lililoitwa United Provinces, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa kama huo nchini humo. Alifariki akiwa kazini mjini Lucknow, Machi 2, 1949, akiwa na umri wa miaka 70. Nchini India, siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kuwa Siku ya Kitaifa ya Wanawake.