Mjue Giemsa, mfamasia wa zamani ambaye jina lake lipo kwenye chupa ya maabara

Ukipimwa malaria kwa darubini hapa Ushirombo, tone la damu yako linapakwa kwenye kioo, kisha linamwagiwa dawa ya rangi ya bluu. Chupa imeandikwa Giemsa. Wengi hudhani ni jina la kemikali tu. Kumbe ni mtu, tena alishawahi kufanya kazi nchi hii.

Gustav Giemsa, Mjerumani, alizaliwa 1867 akasomea ufamasia. Kati ya 1895 na 1898 alikuwa mfamasia katika koloni la Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambalo Tanzania Bara ya leo ilikuwa ndani yake. Malaria ilikuwa inamaliza watu, na habari ya mbu ndiyo kwanza Ronald Ross alikuwa anaithibitisha kule India.

Mwaka 1900 akaingia taasisi ya magonjwa ya tropiki mjini Hamburg, kitengo cha kemia. Mrusi Romanowsky alishaonyesha tangu 1891 kwamba rangi mbili, methilini bluu na eosini, zikichanganywa zinamtoa kimelea wa malaria hadharani. Shida, mchanganyiko ule ulikuwa kigeugeu: leo unakubali, kesho unagoma. Giemsa akapima viambato sawasawa, akatia gliserini ili dawa idumu kwenye chupa. Akaitangaza 1904.

Kwa dawa hiyo damu inaacha kuwa wekundu mtupu. Chembe nyekundu zinaonekana za pinki, hazina kiini. Chembe nyeupe zina kiini cha zambarau, na hapo ndipo zinapotofautiana: nutrofili kiini chake kimekatika vipande, limfosaiti kiini ni duara na kinajaza karibu chembe nzima. Eosinofili ina punje za rangi ya chungwa, na huongezeka mtu akiwa na minyoo au kichocho, ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa tunakifahamu vizuri. Chembe sahani, zinazogandisha damu, ni vidoa vidogo. Kimelea wa malaria? Kapete ka bluu chenye kitone chekundu, ndani ya chembe nyekundu.

Mwenyewe hakuwa malaika. Mwaka 1933 alitia saini tamko la maprofesa waliomuunga mkono Hitler. Alifariki Austria, Juni 1948.

Siku hizi kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika chache. Ila daktari akitaka kujua vimelea ni wengi kiasi gani, anarudi kwenye kioo na ile chupa.